Muulize Fundi: Nani aliandika neno “uzembe”?

Katika ukurasa huu fundi mitambo mstaafu kutoka Mufindi hujibu barua za wasomaji kuhusu mashine na usalama wa wanaozitumia. Alifanya kazi miaka 27 kwenye viwanda vya mbao na chai, na miaka 11 ya mwisho alikuwa mwakilishi wa usalama wa wafanyakazi wenzake.

SWALI: Shikamoo Baba Fundi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mafinga. Mume wangu alikuwa anafanya kazi kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, huko msituni, analipwa kwa kila ubao unaopasuliwa. Mwezi wa saba, asubuhi yenye ukungu, gogo lilibana, akaingiza mkono kuondoa kibanzi, msumeno ukamkata vidole viwili na nusu ya cha tatu, mkono wa kulia. Mwenye mashine alilipia hospitali siku ya kwanza na akatupa shilingi laki moja na nusu. Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani na karatasi. Mume wangu aliisaini kwa mkono wa kushoto. Imeandikwa kwamba amepokea msaada, hana madai mengine, na ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe. Sasa ni mwezi wa nne hafanyi kazi, na yeye mwenyewe anarudia maneno yale yale: “Ni uzembe wangu.” Hataki twende popote. Hakuwa na mkataba wa maandishi. Je, ni kweli hatuna haki? Na je, ni kweli ni uzembe wake?
Mama Wawili, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Barua yako niliisoma jioni, asubuhi nikairudia. Umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la pili, kwa sababu mume wako akiendelea kuamini jibu alilopewa, hata nikuandikie sheria nzima hatanyanyuka kitini kuifuata.

Si uzembe wake. Mashine yenyewe sijaiona, lakini barua yako imebeba ushahidi zaidi ya unavyodhani. Umeandika kwamba aliingiza mkono kuondoa kibanzi. Maana yake ni kwamba mkono wa mtu uliweza kuyafikia meno ya msumeno unaozunguka. Hapo pekee pananitosha.

Kwa msomaji asiyeijua, dingdong ni mashine ya kupasulia mbao inayobebwa hadi miti ilipoangushwa: injini ya dizeli, mkanda, na msumeno wa duara. Mbao nyingi za paini unazoziona zimepangwa kando ya barabara kuu pale Mafinga zimepita kwenye mashine za aina hiyo. Sasa tupige hesabu. Chukua msumeno wenye kipenyo cha mita moja, unaozunguka mara 900 kwa dakika. Hiyo ni mara 15 kila sekunde, na meno yake yanakimbia karibu mita 47 kwa sekunde. Mtu mwenye afya, aliyelala vizuri, aliyekunywa chai yake, anahitaji kama robo ya sekunde kushtuka na kuanza kuurudisha mkono. Katika robo hiyo msumeno umekwisha kuzunguka karibu mara nne. Hakuna makini inayoshinda kasi hiyo. Mtu makini na mtu asiye makini, wote wawili mkono unaondoka. Ndiyo maana kazi ya kuuzuia mkono usifike pale haikuachiwa makini ya mtu, ilipewa chuma: kava juu ya msumeno, na nyuma yake bamba jembamba lililosimama, ambalo sisi mafundi tuliliita kisu cha nyuma, la kuuachanisha mpasuo ili mti usijifunge na kuubana msumeno.

Umeandika pia kwamba gogo lilibana. Paini mbichi ina utomvu, utomvu unaganda kwenye msumeno, msumeno unapata moto, na mti wenyewe ukiwa na mvutano ndani hujifunga mara unapopasuliwa. Kisu cha nyuma kikiwepo, kubana kunapungua sana. Kisipokuwepo, kibanzi kinakwama, au meno ya nyuma yanaudaka ubao na kuurusha kwa aliyesimama mbele. Muulize mume wako: kava lilikuwepo? Kisu cha nyuma kilikuwepo? Nimeona mashine nyingi ambazo vitu hivyo viliondolewa siku ya kwanza kwa sababu gogo nene halipiti vizuri, na hakuna aliyevirudisha.

Kisha umeandika kwamba alilipwa kwa ubao, na hapa ndipo roho inaponiuma. Ili kuondoa kibanzi kile kwa usalama ilibidi injini izimwe, msumeno uachwe hadi usimame wenyewe, kibanzi kitolewe kwa fimbo, injini iwashwe tena. Injini ya dizeli kuiwasha kwa mkono kwenye baridi ya Julai, msitu umejaa ukungu, si kazi ya dakika moja. Wanaume wawili wanapokezana hendeli hadi jasho liwatoke. Na kila dakika hiyo inapopita, hakuna ubao, na pasipo ubao hakuna hela. Mwenye mashine hakumwambia mume wako “ingiza mkono”. Hakuwa na haja ya kumwambia. Bei ya ubao ilikwisha kumwambia.

Nayajua haya kwa mwili wangu. Mwaka 1991, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati, nikiondoa kipande cha mti kisichozidi urefu wa kiberiti. Nilipotoka hospitali niliitwa ofisini nikaoneshwa daftari la ajali. Kwenye safu ya chanzo msimamizi alikuwa ameandika maneno matatu: “Uzembe wa mfanyakazi.” Nilisaini. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ni mzembe. Nilimwambia hivyo mke wangu, nikawaambia hivyo wanangu walipouliza mkono umefanya nini. Baadaye, wenzangu waliponichagua kuwa mwakilishi wa usalama, nilipewa daftari lile lile nilitunze. Nikalisoma toka mwanzo. Kidole, mkono, jicho, mguu uliobanwa na gogo, wavulana wa miaka ishirini na wazee wa hamsini, na kwenye safu ya chanzo neno lile lile moja, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa watu watano tofauti. Nikajiuliza: kweli Mufindi yote imezaa wazembe watupu, na wote wakaajiriwa hapa?

Tangu siku hiyo, safu ile niliikataa. Nilidai paandikwe kava lilikuwa wapi, mashine ilizimwaje, na mtu alikuwa zamuni kwa saa ngapi. Mwenye mashine wenu hakuandika hayo kwenye karatasi yake. Yaandikeni nyinyi.

Sasa haki zenu. Enzi zangu sheria ya fidia ilikuwa ile iliyobaki toka ukoloni, na malipo ya juu kabisa ya ulemavu wa kudumu yalikuwa Sh 108,000. Sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanaujua kwa herufi zake WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo hauanzi kwa kuuliza nani mwenye kosa. Unauliza kama mtu aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Kuteleza, kusahau, kuingiza mkono pasipofaa wakati unafanya kazi ya bosi, hayo hayakufuti.

Kukosa mkataba wa maandishi pia hakumfuti. Sheria inamtambua mfanyakazi hata kama makubaliano yalikuwa ya mdomo, na hata kama malipo yalihesabiwa kwa kazi iliyofanyika badala ya siku au mwezi. Ile karatasi aliyoisaini isikutishe. Makubaliano ya mfanyakazi kuiacha haki yake ya fidia hayana nguvu kisheria. Na kama mwenye mashine hakujisajili kwenye Mfuko, hilo ni kosa lake yeye, wala lisitumike kumfungia mume wako mlango. Mchango wa Mfuko unatoka kwa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti.

Linalonitia haraka ni kalenda. Madai yanapaswa kufikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mmekwisha tumia minne. Mwajiri alipaswa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba baada ya kupata habari, na nadhani unajua kama alifanya hivyo. Msimngoje. Pelekeni taarifa wenyewe.

Kabla ya safari hiyo kusanya vitu. Cheti cha hospitali cha siku ya kwanza, hata kama kimechakaa, na PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, kama waliitoa. Picha ya mkono. Namba za simu za wale waliokuwa wanasukuma naye gogo siku ile, na kila mmoja aandike alichokiona, kwa mkono wake, tarehe na sahihi, hata nusu ukurasa unatosha. Meseji za malipo kwenye simu ya mume wako, zile za kila Jumamosi, msizifute. Hizo ndizo mkataba wake. Na jambo moja la misitu yetu: mara nyingi mwenye kibali cha kuvuna ni mmoja, mwenye mashine ni wa pili, mwenye kununua mbao ni wa tatu, na ajali ikitokea kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Andikeni majina ya wote watatu na nani alikuwa anatoa hela mkononi. Karatasi ile ya “msaada” nayo ichukueni. Aliyeiandika amekiri kwa maandishi kwamba mume wako aliumia kwenye mashine yake.

Kuhusu malipo, nitakupa mfano ili ujue unachokidai, usiuchukue kama ahadi. Kwa muda ambao daktari anasema mtu hawezi kufanya kazi, Mfuko hulipa asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Jeraha likishapona, daktari hupima ulemavu uliobaki kwa asilimia. Ukifika 30 au chini yake, hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi 30, ni pensheni ya kila mwezi. Tuseme mtu alikuwa anapata Sh 200,000 kwa mwezi na daktari amempima ulemavu wa asilimia 12. Unachukua asilimia 70 ya kipato, yaani 140,000, unazidisha kwa miezi 84, kisha unachukua asilimia 12 ya jibu. Inakuja Sh 1,411,200. Iweke hiyo kando ya laki moja na nusu.

Kupeleka madai kwenye Mfuko ni bure. Akitokea mtu mjini anayesema atawafuatilia kwa asilimia fulani, mshukuruni mfunge mlango.

Na hii mpe mwenyewe asome. Kijana wangu, ulishika hendeli ya mashine isiyo na kava, kwenye ukungu, kwa malipo ya ubao, ili watoto wako wale. Huo si uzembe. Neno hilo si lako. Liliandikwa na mtu ambaye lilimpunguzia gharama.

SWALI: Kamwene Fundi. Nafanya kazi kiwanda cha chai, zamu ya usiku. Majani yakiganda kwenye rola za kusagia, msimamizi anatutaka tukwangue kwa kipande cha bapa huku rola zinazunguka, anasema kuzima laini nzima ni hasara. Nikikataa nitaonekana mkorofi. Nifanyeje?
Opareta, Mufindi

JIBU: Kamwene mnyalukolo. Usikwangue.

Rola mbili zinazozunguka kwa kukabiliana zina mdomo, pale zinapokutana. Mdomo huo hauna meno ya kutisha kama msumeno, kwa hiyo watu hawauogopi inavyostahili. Lakini haukati, unameza. Ukishika ncha ya bapa linakwenda bapa, likienda bapa unafuata mkono, na mkono ukishashikwa huwezi kuuvuta kwa nguvu zako, kwa sababu unashindana na mota. Kwenye baridi ya huku ni mbaya zaidi, maana Juni na Julai watu wanavaa sweta juu ya sweta, mtandio shingoni, koti la marehemu babu lenye mikono mipana. Uzi mmoja tu wa sweta unatosha.

Nilikuwa na rafiki kazini, mtu wa Tukuyu, tulikuwa tunakula kwenye bakuli moja. Usiku mmoja alifanya kila kitu sawa. Alizima mashine, akaingia kusafisha. Swichi kuu ilikuwa ukuta wa pili. Fundi umeme wa zamu alipita akaona imezimwa, akadhani umeme umekatika, akairudisha. Hakuna aliyemtakia mabaya. Mkono ulimezwa hadi kwenye kiwiko. Baada ya hapo nilianza kudai kitu kimoja ambacho hadi leo nakidai kila ninapoingia kiwandani: kufuli. Kila anayesafisha au kutengeneza awe na kufuli lake, alifunge kwenye swichi iliyozimwa, atundike kibao chenye jina lake, na ufunguo akae nao mfukoni mwake. Si kwa msimamizi. Si ofisini. Wakiwa watu watatu ndani, makufuli matatu. Kisha jaribu kuwasha kabla hujaingiza mkono, uone kweli haiwaki. Na ukumbuke kwamba kuzima umeme si kuzima nguvu zote: rola nzito inaendelea kuzunguka yenyewe, hewa iliyobanwa kwenye bomba bado inasukuma, kitu kilichoinuliwa bado kinataka kushuka.

Kuhusu msimamizi, usigombane naye saa nane ya usiku mbele ya rola. Mwambie kwa sauti ya kawaida, mbele ya mwenzako mmoja, kwamba utasafisha mashine ikizimwa na kufungwa. Asubuhi mwandikie mwakilishi wenu wa usalama, na kama hamna, hilo lenyewe ni la kuripoti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali unaoisimamia sheria hiyo, ana mamlaka ya kuisimamisha mashine hadi irekebishwe. Ofisi yao ya kanda yetu ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Wakikufukuza kazi kwa sababu hiyo, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi huchelewa wakingoja kuitwa tena kazini.

Sasa jambo ambalo halikuulizwa lakini naliweka, kwa sababu limewahi kumgharimu mtu mkono ambao ungeweza kupona. Mkono ukibanwa na rola, zimeni, na asitokee shujaa wa kuzirudisha rola nyuma kwa mota. Legezeni nati zinazozishikilia ziachane, na mmoja wenu awe ameshapiga simu ya gari. Mkono ukitoka, hata kama ngozi haijachanika, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa, apelekwe hospitali usiku huo huo. Nyama iliyobanwa huvimba kwa ndani. Maumivu yakizidi kila saa badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi, ukivinyoosha akapiga kelele, damu haifiki tena kwenye misuli na madaktari wana saa chache tu za kuuokoa. Usimpe dawa ya maumivu akalale.

SWALI: Habari ya kazi, mzee. Nina mashine mbili za kupasulia na moja ya randa hapa Makambako, na vijana tisa. Nataka kuwanunulia wote glovu nzito za ngozi. Pia naomba uniambie niweke nini kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Sitaki mtoto wa mtu aumie kwangu.
Mwenye Mashine, Makambako

JIBU: Salama, ndugu yangu, na nashukuru kwa sentensi yako ya mwisho.

Glovu nunua, lakini ziwe za wanaobeba na kupanga mbao. Anayesimama kwenye msumeno au randa asivae glovu. Ngozi ya mkono jino likiigusa linaichana. Glovu jino likiigusa linaivuta, na mkono uliomo ndani unafuata wote. Vivyo hivyo mikono ya shati iliyolegea, pete, na bangili.

Hela utakayookoa mpelekee mchomeleaji. Bati nene na nondo kidogo, akutengenezee kava la kila mkanda na kila puli, na la juu ya msumeno linaloweza kupandishwa na kushushwa kulingana na unene wa gogo, ili kijana asipate sababu ya kuling’oa. Chonga fimbo za kusukumia tano au sita, zitundike kwenye kila mashine, zikivunjika hazina hasara. Na kama unalipa kwa ubao, nakuomba ufikirie kuwawekea vijana kiwango cha siku ambacho hakipungui mashine inaposimamishwa kusafishwa. Najua faida ya mbao ilivyo nyembamba. Lakini hilo moja lina kazi kuliko mabango yote ya “Usalama Kwanza” unayoweza kuyatundika.

Kwenye sanduku weka bandeji pana nyingi, shashi safi, glovu za mpira za mhudumu, mkasi, maji ya chumvi ya kuoshea majeraha, mifuko safi ya plastiki. Damu ikitoka kwa nguvu, kandamiza palepale kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiachie kuchungulia kila mara. Hakuna mafuta ya taa, hakuna majani ya chai, hakuna dawa ya meno. Kidole kikikatika, kitafute. Kizungushie shashi iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uuweke ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kidole chenyewe kisigusane na barafu, kitaungua. Kiende gari moja na mwenyewe. Huenda kisiunganishwe, maana kidole kilichotafunwa na msumeno ni kigumu kuunganisha kuliko kilichokatwa na panga, lakini uamuzi huo uache kwa daktari. Na wote wapate sindano ya pepopunda.

Jisajili WCF na OSHA kama bado. Wakikukuta na kijana aliyeumia ambaye hujamsajili, utalipa zaidi ya ulichookoa.

SWALI: Shikamoo. Nilipoteza vidole vitatu kwenye mashine ya kokoto huku Mbeya. Jeraha limepona, lakini usiku vidole ambavyo havipo vinaniwasha na kuniuma. Naogopa kumwambia mtu, nitaonekana nimerukwa na akili.
Kijana, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Akili yako ni nzima kabisa. Mishipa ya fahamu iliyokuwa inakwenda kwenye vidole imekatwa, lakini ubongo bado umevitunzia nafasi yao, na mishipa ile inaendelea kupeleka habari. Madaktari wanalijua hili vizuri na watu wengi waliokatwa kiungo wanalo. Kama ni kuwasha tu, mara nyingi hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Kama ni maumivu ya kukunyima usingizi, au kama kuna kinundu kwenye kigutu ambacho ukikigusa unaruka kama umepigwa shoti, rudi hospitali uwaambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Zipo dawa za mishipa ya fahamu, na kinundu hicho kinatibika. Wengine husaidiwa na kioo: unakisimamisha katikati ya mikono miwili, mkono mbovu umefichwa nyuma yake, unautazama mzuri ndani ya kioo kama ndio ule mwingine, unakunja na kukunjua vidole polepole, dakika chache kila siku. Jaribu, hakigharimu kitu.

Cha kwangu cha shahada, zaidi ya miaka thelathini sasa, bado huwasha ukungu unaposhuka. Mke wangu alinifumia kofia ndogo za sufi za kuvisha vigutu, nazivaa kuanzia Mei hadi Agosti. Mtafute mtu akufumie tatu. Sufi iwe laini, na asifunge fundo kwa ndani.